Hosteli ya mbwa tuliyomwacha Junia Krismasi: nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya mashine ya kunyolea, nyingine kwa sababu ya bomba la sindano lililokuwa mezani. Zile tatu zilizobaki ni za kijana mmoja na gunia lake la magunzi. Nitamfikia.

Jina la mahali silitaji. Ni nje ya mji wa Arusha, mwenyewe nimeongea naye uso kwa uso, amenisikia na hatuna ugomvi.

Kwanza mbwa, maana usipomjua utaona nalalamikia nywele tu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Mzungu mmoja aliyekuwa bosi wake alipohama nchi alituachia jike wa miaka mitatu, aina ya Australian Shepherd. Jina lisikudanganye, hawa ni mbwa wa kuchunga waliotengenezwa kwenye mashamba ya mifugo ya magharibi mwa Marekani, na hata American Kennel Club, chama cha Marekani kinachoandikisha aina za mbwa, kimewaandikisha mwaka 1991 tu, juzi juzi. Kwa bosi aliitwa Juniper. Wanangu wakaona refu, wakakata. Junia ana kilo 20, ukimsimamisha bega lake liko juu kidogo ya goti langu. Ni wa kijivu mwenye mabaka meusi kama aliyerushiwa wino, kifua cheupe, jicho moja la kahawia na jingine la bluu, na mkia hana. Wiki ya kwanza jirani aliniita getini akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika ni mbwa.

Wanaotafuta mbwa wa ulinzi wamwache. Kubweka anabweka, lakini mwizi akiingia nadhani atampeleka kona ya ua na kumsimamisha pale pamoja na kuku. Kazi iliyo kwenye damu yake ni kukusanya. Wanangu watatu wakitawanyika uani hana raha: anazunguka kwa mbali, anainamisha kichwa, anawabana taratibu, na mdogo akiendelea kukimbia anamdonoa kisigino. Meno yanagusa tu, hayatoboi. Lakini mtoto wa jirani alipodonolewa alilia kweli kweli, na mama yake hakuwa na hamu ya kusikia habari za kondoo wa Marekani. Ilituchukua miezi miwili. Kila akiinamia kisigino mchezo unakufa hapo hapo, watoto wote wanasimama kama nguzo za umeme, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayemwangalia. Sasa hivi akitaka kuchunga anakusanya kandambili. Nimemwekea beseni mlangoni. Jioni utazikuta zote humo, na mara moja moja kiatu cha mgeni.

Sasa kwa nini hosteli. Mume wangu ni Mchaga, na Krismasi Mchaga lazima aende kuhesabiwa. Mwaka juzi tulikwenda na Junia hadi kwao Rombo. Asubuhi ya tarehe 26 mama mkwe alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe akakuta kuku wake wote kumi na wanne wamesimama wima kwenye pembe kati ya zizi na mgomba, na mbuzi wawili nyuma yao, na Junia amelala mbele kifudifudi, anawatazama. Hakuna aliyepoteza hata unyoya. Ila kuku waligoma kutaga siku nne, na zile siku mama mkwe alizihesabu kwa sauti, kila asubuhi, mezani, kwenye chai. "Mwakani huyo mbaki naye huko huko," akasema, na kwa mama mkwe hiyo ni amri.

Basi mwaka jana nikamtafutia pa kulala. Shilingi 15,000 kwa siku, siku tisa, 135,000 jumla, chakula unakwenda nacho. Mahali pako vizuri. Kabla hata ya kuniuliza jina waliniomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na wakaisoma tarehe, hawakuipitisha macho tu. Geti ni mawili, unafunga la kwanza ndipo unafungua la pili. Mabanda yana sakafu ya saruji, kivuli, maji safi, na kuna uwanja wa wavu wa hatua kama thelathini wanakotolewa asubuhi na jioni. Kwa mbwa wa kawaida hapo panatosha na chenji inabaki.

Siku ya pili, niko jikoni Rombo namenya ndizi, simu. Dada msimamizi: "Mama, mbwa wako anatusumbua. Anabweka kutwa, na anazunguka humo bandani mpaka wenzake wamechanganyikiwa." Nilijua. Nyumbani huyu anatembezwa saa nzima alfajiri kabla sijafungua duka, mume akiwepo anapewa nyingine jioni, na katikati ana kandambili zake. Matembezi yenyewe hayamtoshi. Umkimbize mpaka Mto Themi na kurudi, akifika atakunywa maji na kukutazama usoni, haya, nini kingine? Anataka kitu cha kufikiri. Usipompa, atajipa, na hutapenda alichochagua. Kwetu aliwahi kuchagua godoro.

Siku ya tatu simu haikupigwa. Ya nne, kimya. Nikampigia mimi. "Ametulia, mama, analala mchana." Nikadhani anaumwa.

Hakuwa mgonjwa. Pale kuna kijana aliyeajiriwa kufagia na kuosha mabanda, kelele zilikuwa zinamchosha yeye kuliko wote. Jirani na hosteli kuna mashine ya kupukuchua mahindi. Akaenda akaomba gunia la magunzi, akayamwaga kwenye pipa lililokatwa nusu, akachukua chakula cha Junia cha asubuhi, zile punje kavu za kwenye mfuko, akazichanganya humo ndani pamoja na dagaa watano. Basi. Hakufundishwa na mtu, aliona tu mbwa ana akili na hana kazi.

Alinionyesha video kwenye simu yake, kioo kimepasuka hivyo nusu ya Junia ilikuwa na nyufa. Anaingiza pua mpaka machoni. Anatoa gunzi moja, analiweka pembeni, anarudi. La pili, analiweka juu ya la kwanza. Akimpata dagaa hamezi haraka, anamtoa nje ya pipa, anamlaza sakafuni, anamtazama kidogo ndipo anamla. Dakika arobaini. Kisha analala ubavu, miguu imenyooka, kama mtu aliyetoka kupalilia. Kesho yake kijana alifunika pipa na gunia. Siku iliyofuata akaligeuza. Hadi siku ya nane Junia alikuwa anarudisha magunzi yote ndani ya ndoo, moja moja, ili apewe dagaa wa mwisho. Mimi nilimnunulia kwa shilingi 40,000 kile chombo cha plastiki cha kuficha chakula, amekitafuna kingo wiki mbili kikaisha. Magunzi ni bure, na yakichoka ni kuni.

Hapo ningetoa nyota tano na nusu.

Nilipokwenda kumchukua wakamleta kwa kamba, nikatazama nyuma yake nikimtafuta wangu. Walikuwa wamemnyoa. Mgongo na mbavu zote mashine imepita mpaka ngozi ya rangi ya waridi inaonekana, kichwa na miguu vimeachwa na manyoya yake, kama mtu aliyetoka nje na soksi na kofia tu. "Tumempunguzia joto, mama. Hiyo ofa, hatujakuchaji." Walifanya kwa moyo mwema kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Mbwa wa aina hii ana manyoya ya tabaka mbili: ya ndani mepesi kama pamba, ya nje marefu yanayoteleza. Ya nje yanamkinga jua na mvua, ya ndani humpukutika yenyewe misimu ikibadilika. Joto mbwa hulitoa kwa kuhema, ulimi nje, hatoi jasho mgongoni kama sisi. Kwa hiyo ukimnyoa hujampunguzia kitu, umemvua mwavuli. Kinachotakiwa ni kuchana, mara mbili kwa wiki, kwa chanuo la meno marefu linalofika ndani, na usisahau nyuma ya masikio na yale manyoya ya mapajani, ndiko kunakofungana kama dredi. Dakika ishirini, redio imewashwa, imekwisha.

Januari yote Junia alitembea amevaa fulana ya mwanangu wa kati, maana siku ya tatu tu ngozi iliiva kwa jua. Sasa ni Machi. Kilichoota kwanza ni ile pamba ya ndani, ya nje inajivuta kwa madoa madoa. Tukipita porini kishona nguo zinamshika mwili mzima, jana nimezitoa mpaka taa ikazimwa. Na kupe? Nilimtoa kumi na moja masikioni siku ile ile tuliyomchukua. Masikio hawakuyanyoa wala kuyakagua.

Sasa mezani. Nikiwa nalipa naona chupa ya ivermectin, ile ya asilimia 1, lebo ina ng'ombe, na bomba limeshavutwa dawa. "Huyu bado hatujamchoma," dada akasema, "tunawachoma wote kabla hawajaondoka, kuzuia kupe na ukurutu." Mimi nauza dawa dukani. Dawa hii naijua, ndiyo hiyo hiyo watu wanayomezeshwa pamoja na albendazole siku za kingatiba za matende na mabusha. Ni dawa nzuri na imewaokoa wengi. Nikamuuliza mnachoma kiasi gani. Mili moja.

Hesabu ndogo tu. Mili moja ya hiyo chupa ni miligramu 10, na ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50, yaani ndama. Kwa Junia wa kilo 20 ni maikrogramu 500 kwa kila kilo. Na Junia ni wa ukoo ambao karibu nusu yao wanabeba kasoro ya jeni inayoitwa MDR1, iliyogunduliwa na watafiti wa Washington State University mwaka 2001. Kwa kifupi, kwenye ubongo kuna mlinzi wa mlangoni anayerudisha dawa kama hizi nje. Mwenye kasoro hana mlinzi. Dawa inaingia, mbwa anayumba, anatoka mate, anatetemeka, haoni, anazimia, na wengine hawaamki. Mwenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili huanza kudhurika kwenye maikrogramu 100 hivi kwa kila kilo. Junia ni mmoja wao. Bosi alituachia faili lenye kipimo chake. Kwa kupe anatumia kidonge cha kutafuna cha fluralaner, wiki kumi na mbili kimoja, daktari wa mifugo alituhakikishia hakigombani na hiyo kasoro. Ni ghali, kinauma mfukoni kila kikifika, lakini ndio hivyo.

Nilikaa kwenye benchi pale nikaomba maji. Ningechelewa nusu saa, sijui.

Na kosa langu nalo nilitaje: sikuwaambia. Fomu yao haikuwa na sehemu ya dawa zisizomfaa, nami nilikuwa nawahi basi na watoto watatu na kreti ya soda, nikaandika jina, simu na "anapenda dagaa". Muuza dawa mzima!

Mwenyewe alipokuja nilimweleza yote, chupa ikiwa katikati yetu. Hakubishana. Fomu sasa ina mstari wa dawa na mstari wa kunyoa, nimeiona kwa macho yangu, na hakuna kuchoma mbwa wa mtu bila simu. Kijana wa magunzi nilimpa 10,000, akaniuliza kama Junia ana mtoto.

Pasaka mama mkwe anatuita tena, na Junia anarudi kule kule. Kola yake nimeshaishonea kitambaa cheupe, nimeandika kwa kalamu nene isiyofutika: USININYOE. USINICHOME. NIPE MAGUNZI.