Mtungi na chungu cha Wakisi: uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama vyungu vya Wakisi ni vya kutumia au vya kupamba sebule tu: vinatumika, ila inategemea umenunua kipi. Mimi nilichukua mtungi wa maji, chungu cha kupikia na bakuli kwenye gulio la Jumamosi pale Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Matema. Wafinyanzi ni akina mama wa Kikisi, wengi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Wanafinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuchoma kwa moto wa wazi, si kwenye tanuri.

Hilo la moto lielewe kabla hujatoa hela. Moto wa wazi kwa kawaida hauzidi nyuzi 900 hivi za Selsiasi, wakati kaure huchomwa kwa zaidi ya 1,200. Udongo unakuwa mgumu lakini unabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana mtungi wangu unatoa jasho: maji yanapenya hadi nje, upepo unayakausha, na yanayobaki ndani yanapoa. Hapa Dar umeme ukikatika tunakunywa maji baridi kama kawaida. Siku za joto la unyevunyevu haupozi sana. Wa dada yangu, yuko Dodoma kwenye hewa kavu, unashinda wangu kwa mbali. Weka sahani chini yake, la sivyo meza italowa.

Chungu kina doa kubwa jeusi ubavuni. Si kasoro, ni pale moshi ulipokikumbatia na hewa ikakosa nafasi. Mama aliyeniuzia alikigonga kwa kidole kikalia kwa sauti kali, akasema chenye ufa hulia kwa sauti iliyokufa. Nyumbani nilikiloweka usiku kucha, kisha nikachemsha uji mwepesi taratibu ili wanga uzibe vitundu. Maharage ya nazi juu ya mkaa humo, jamani! Gesi sikushauri: ukiwasha moto mkali ghafla, unachoma sehemu moja na udongo unapasuka. Sabuni nayo iache, inanywewa na chungu halafu unaikuta kwenye mboga. Maji moto na makumbi ya nazi vinatosha.

Bakuli ndilo lililoniangusha. Mchuzi wa samaki uliingia ndani, harufu haijatoka hadi leo. Sasa linakaa vitunguu.

Tahadhari moja: kuna duka hapa mjini linauza mitungi kama hii ikiwa imepakwa vanishi, kwa bei mara kadhaa ya gulioni. Jirani yangu alinunua. Unang'aa vizuri, lakini hautoi jasho hata tone, na maji yake ni ya uvuguvugu mchana kutwa. Kabla ya kulipa, dondoshea tone la maji kwenye kitako: likinywewa, ni udongo mtupu, likiteleza, rudisha.

Ukinunua kulekule, omba wakufungie kwa majani makavu ya migomba, ujaze na ndani pia. Na kwenye basi usikubali mzigo uende kwenye buti. Pakata mwenyewe hata kondakta akinung'unika.