Karatasi ya kuyeyuka majini kwenye shingo za shifoni: uzoefu wangu

Kama kazi yako ni vitenge na sare za shule tu, usijisumbue na karatasi hii, pesa yako ina matumizi mengine. Mimi nashona shifoni na oganza kwa wingi. Kisumu ni joto, wateja wanataka blauzi inayopitisha hewa, na makwaya nayo yamependa vitambaa vinavyoonyesha kuliko walivyopenda satini zamani. Blauzi moja ya shifoni unaweza kuivumilia. Kwaya nzima, kila mtu na shingo yake ya mviringo na zote zikae sawa wakisimama mbele ya watu, hapo ndipo fundi hujulikana.

Karatasi yenyewe si geni kwa wanaotarizi nembo za shule. Wao huilaza juu ya sweta ili nyuzi za nembo zisizame kwenye kitambaa. Ni utando mwembamba, wa kupitisha mwanga, unafanana na nailoni ya kufungia mkate lakini ni laini zaidi. Unashona juu yake, ukimaliza unalowesha, unapotea. Umetengenezwa kwa polivinili alkoholi, ile ile ya vifuko vya sabuni ya mashine ya kufulia ambavyo hutupwa vizima vizima ndani ya nguo. Kwangu niliutaka kwa jambo moja tu: shingo isivutike nikiwa naishona.

Maana shida ya shingo ya shifoni huanza mapema, hata kabla ya sindano. Mviringo ukishakatwa, kuna sehemu zake zinazoangukia mshazari, na hapo kitambaa kinanyooka ukikigusa tu. Ukikiinua mezani kimeshaongezeka. Ukifika kwenye cherehani, meno yanakivuta chini na ncha inamezwa kwenye tundu la cherehani ambamo sindano hushukia. Halafu fesingi, kile kipande cha kitambaa kinachoshonwa ndani ya shingo, haisaidii kama ilivyo kwenye poplini, kwa sababu itaonekana kutoka nje kama doa la kivuli kifuani, na ukiitia vilini, kile kitambaa kigumu cha kuimarisha, unapata mpaka mweupe ambao hakuna mkufu utakaouficha. Kinachobaki ni mkanda wa baisi, yaani uliokatwa mshazari, kwenye shifoni hiyo hiyo, ukakunjwa mara mbili. Ule wa satini unaouzwa tayari dukani ni mzito mno, unaifanya shingo ikae kama mpini wa kikapu.

Sasa nieleze ninavyoitumia. Natandaza karatasi mezani, juu yake shifoni, napiga bandi pembeni pembeni, kisha nakata vyote viwili pamoja. Hapo tu nimeshapata nusu ya faida, kwa sababu shifoni haitelezi tena, na mkasi unafuata mstari kama unakata gazeti. Mchoro wa shingo nauchora kwenye karatasi yenyewe, sio kwenye kitambaa. Kisha napitisha mshono wa kushikilia, milimita 3 kutoka ukingoni, kuanzia begani kushuka hadi katikati ya kifua, halafu naanza upya kutoka bega la pili. Ukizunguka kwa mkupuo mmoja upande mmoja utalegea kuliko mwingine.

Mkanda naukata kwa pembe ya nyuzi 45, upana mara 6 ya ule ninaotaka uonekane. Nikitaka milimita 5 nakata sentimita 3, na naongeza milimita 2 au 3 kwa kuwa shifoni ikivutwa mshazari hupungua upana. Naukunja katikati kwa urefu, kingo zake mbichi nazipanga na ukingo wa shingo kwa upande wa nje, nashona milimita 5, kisha naugeuza kwa ndani na kuumalizia kwa mkono. Sindano ya mkono naipitisha kwenye nyuzi za ule mshono wa cherehani tu, isiguse kitambaa cha mbele. Mkanda nauvuta kidogo sehemu za mviringo, basi. Ukiuvuta kote, shingo inajikunja kwa ndani.

Tofauti na siku nilizoshona bila karatasi iko kwenye ule mshono wa milimita 5. Kwenye cherehani yangu nyeusi ya kukanyaga, shifoni tupu hunilazimu nishike nyuzi mbili nyuma ya mguu wa cherehani kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi, la sivyo mwanzo wote unaingia kwenye bobini. Na karatasi chini yake, mshono unaanza pale pale ukingoni bila kusita, na haujikusanyi. Ila msidhani karatasi inasamehe sindano nene. Sindano namba 14 ambayo wengi wetu tunaiacha kwenye mashine mwaka mzima ina unene wa milimita 0.9, nayo inaacha matundu yanayoonekana hata karatasi ikishaondoka. Namba 9 ni 0.65, hiyo ndiyo ya shifoni. Hatua za mshono nazo ziwe fupi, karibu milimita 2 kila moja.

Mama anayesimamia kwaya alikuja kupima akiwa na wasiwasi wake.

"Fundi, hizi shingo zisilegee kama zile za Pasaka, tafadhali."

Zile za Pasaka sikuzishona mimi, lakini nilinyamaza. Nilimpa moja iliyokwisha, akaivuta mabega kwa pande mbili, akaiachia, akaigeuza ndani kutafuta uzi uliochomoza.

"Hii imekaa. Na huku ndani umeshona na nini, mbona sioni?"

Kuiosha ndiko kunakotaka subira. Maji ya kwanza yanateleza vidoleni kama mrenda, na hapo mtu anadhani amemaliza. Bado. Ukiianika hivyo, shingo inakauka ikiwa ngumu, inakwaruza ngozi, na mteja atasema umetia gundi. Mimi nabadilisha maji mpaka utelezi uishe kabisa, hasa pale kwenye mkanda ambapo karatasi imefungiwa katikati ya mikunjo. Halafu nailaza juu ya taulo, siitundiki. Pasi ni baada ya kukauka tu, ya moto mdogo, maana ukiipitisha kwenye karatasi ambayo haijaoshwa inajikunyata na kugandamana na kitambaa.

Malalamiko yangu ya kwanza ni unyevu. Kitu kinachoyeyuka majini hakipatani na hewa ya kando ya ziwa. Kipande changu cha kwanza nilikatiwa kutoka kwenye roli lililosimama wazi mlangoni mwa duka, na kilipofika nyumbani kilikuwa kimenatana chenyewe kwa chenyewe, robo yake haikufunguka. Muuzaji hakutaka kusikia. Sasa nanunua iliyofungwa tu, na nyumbani inakaa kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. La pili ni bei, kwa mita inaishinda shifoni ya kawaida ninayonunua soko la Kibuye, na hilo lazima uliingize kwenye hesabu ya mteja tangu mwanzo.

La tatu si kosa la karatasi, ila watu huitarajia ifanye lisilo kazi yake. Haizuii kitambaa kuchambuka. Ikishaoshwa, shifoni inarudi kuwa shifoni. Kwenye shingo ya V, pale chini unapolazimika kukata hadi karibu na mshono ili igeuke, karatasi inakupa ujasiri wa uongo; ukikata ukaupita, utakuja kuliona tundu baada ya kuosha, na mteja yuko mlangoni. Kwa V bado nategemea mshono wa hatua fupi sana, kwa sentimita moja kila upande wa ncha, na jicho.

Hariri halisi siiwekei kabisa. Baadhi ya hariri hubaki na alama ya maji, na kuosha ni lazima. Vitambaa vyenye rangi kali navyo najaribu kwanza kwenye kipande, nyekundu hasa ikiwa mkanda ni mweupe.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni mabaki. Vipande vidogo vyote vilivyokatwa pembeni naviweka kwenye chupa na maji kidogo, vinayeyuka vinakuwa ute mzito. Ute huo naupaka kwa brashi kwenye ukingo wa shingo, naacha ukauke, na ukingo unasimama wima wenyewe. Kwa blauzi moja moja za kila siku siku hizi natumia huo tu, wala sikati karatasi nzima. Niliwahi kutumia uji wa wanga wa muhogo kwa kazi hiyo hiyo, na kwenye pamba ni mzuri na rahisi sana, lakini shifoni ya poliesta hauishiki vizuri, unabanduka kama magamba ukikunja.

Nitanunua nyingine kabla ya harusi za Desemba. Mita mbili, tatu, sio roli, maana roli hata kwenye kopo halitavuka msimu wa mvua.