Posta ya Port Lockroy: Kadi Kutoka Antaktika Hadi Kisumu

Kwa yeyote mwenye ndugu anayefanya kazi katika meli za watalii zinazoelekea Antaktika, ninaipendekeza bila kusita posta ya Port Lockroy, iliyoko kwenye kisiwa kidogo cha Goudier, magharibi mwa Rasi ya Antaktika. Mpwa wangu, ambaye ni mpishi melini, alinitumia kadi kutoka huko, nami nikaipokea katika sanduku langu la posta hapa Kisumu ikiwa nzima, wino haujachujuka wala stempu haijabanduka.

Nianze na mhuri, kwa sababu ndio ulionifanya niandike. Jina la Port Lockroy linasomeka herufi kwa herufi, tarehe nayo ni wazi, na mhuri wenyewe umegongwa kwenye ukingo wa stempu kiasi cha kuibatilisha bila kuichafua picha yake. Wakusanyaji wa stempu wanajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu, maana mara nyingi stempu nzuri hutufikia ikiwa imepakwa wino mweusi kutoka pembe hadi pembe. Tukikumbuka kwamba kila msimu kadi zinazokadiriwa kuwa kati ya 70,000 na 80,000 hupita katika posta hiyo zikielekea nchi zaidi ya 100, na kwamba zote hugongwa kwa mkono na wafanyakazi wachache ambao pia hutunza makumbusho, huuza dukani na kuwahesabu pengwini, huku wakiishi pasipo maji ya bomba, basi uangalifu huo unastahili sifa za dhati.

Kituo cha Port Lockroy, ambamo posta hiyo imo, kilijengwa na Waingereza mwaka 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, kupitia operesheni ya siri iliyoitwa Tabarin. Posta haikufunguliwa ili kurahisisha mawasiliano tu. Stempu na mhuri vilikuwa ushahidi kwamba Uingereza inalitawala eneo ambalo Argentina na Chile pia zililidai kuwa lao. Sisi ambao wazee wetu walibandika kichwa cha mfalme wa Uingereza kwenye kila barua hatuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu kazi hiyo ya stempu. Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 uliyaweka kando madai hayo, kituo kikafungwa mwaka 1962, kikakarabatiwa mwaka 1996, na sasa kinaendeshwa na shirika la hisani la UK Antarctic Heritage Trust. Stempu zake hadi leo ni za British Antarctic Territory, yaani sehemu ya Antaktika ambayo Uingereza inaidai kuwa yake.

Mwenye haraka asiitegemee huduma hii. Posta hufanya kazi wakati wa kiangazi cha huko, takriban Novemba hadi Machi, na mfuko wa barua hausafiri mpaka ipatikane meli ya kuupeleka Visiwa vya Falkland. Kutoka hapo barua huenda Uingereza, na ni baada ya hapo tu ndipo huanza safari ya kwenda kwa wenyewe. Kadi yangu iligongwa mhuri Januari, ikanifikia mvua za masika zikiwa zimeanza kupungua. Silioni hilo kuwa kosa la mtu yeyote. Desemba 2022 theluji iliyafukia majengo ya kituo hata ikabidi mabaharia wa meli ya kijeshi ya HMS Protector wasaidie kuyafukua, na posta inayofunguliwa katika hali kama hiyo haiwezi kumwahidi mtu siku.

Kinachonisumbua ni kwamba kadi ya kawaida haina namba ya kuifuatilia, hivyo ikipotea njiani hakuna ofisi inayoweza kumwambia mpokeaji ilikofikia. Kwa hiyo isitumike kwa habari ya lazima. Ni ya maneno kama yale aliyoniandikia mpwa wangu: “Mjomba, hapa usiku hauingii giza, na pengwini wanaibiana mawe ya viota mbele ya mlango wa posta.” Ninampa karani aliyeishughulikia kadi hiyo nyota tano, na huduma nzima nyota nne.

Anayetumiwa kadi hapa magharibi mwa Kenya amkumbushe mtumaji kwamba jina la mtaa halitamfaa kitu, kwa kuwa barua zetu huishia sandukuni. Aandike namba ya sanduku, kisha mji pamoja na namba yake ya posta, ambayo kwa Kisumu ni 40100, halafu neno KENYA peke yake kwenye mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Atumie kalamu ya wino usioyeyuka kwa unyevu. Na anayetumia sanduku la shule au la kanisa ahakikishe jina lake kamili limeandikwa juu, kisha amwarifu mapema anayechukua barua, ili kadi itakapowasili baada ya miezi mingi isirudishwe kwa kukosa mwenyewe.