Kalenda ya alama au mwenzi wa kukugongea: kipi kinakusukuma?

Swali hili halikauki vijiweni Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma: ili usiache ulichokianza, bora uweke alama kwenye karatasi au uwe na mwenzi?

Kwa gharama, kalenda haina mpinzani. Karatasi ya daftari, rula na kalamu. Chora visanduku 30, bandika mlangoni, kila siku ukitimiza weka alama. Kosa la wengi ni kuandika "mazoezi" basi. Andika kitendo kinachopimika: kutembea dakika 20, kusoma kurasa 5, kuweka akiba shilingi 1,000. Ukiruka siku moja, endelea. Ukiruka mbili mfululizo, punguza kipimo nusu kuliko kuacha. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba karatasi haigongi mlango. Siku ya uchovu inakutazama tu.

Mwenzi anagonga. Saa 11 alfajiri akiwa nje, aibu ya kumsubirisha bure inakutoa kitandani upesi kuliko nia yako mwenyewe. Ila anataka matunzo: muda uleule, mahali palepale, na kukubaliana mapema nani anampigia nani. Naye akilegea, mnalegea wote.

Hapo kazi yako ndiyo inayoamua. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hukesha ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikikolea, saa zake hazitulii. Kalenda inamfaa, mradi visanduku vifuate usiku wa kazi, si siku za wiki. Mwalimu au mwenye duka, ambaye saa zake zinajulikana, mwenzi atamfaa zaidi. Anayesomea mtihani peke yake nyumbani atumie vyote viwili.