Wikendi ya wapenzi wa Jane Austen kule Hampshire: nyota 4, mihadhara ndo imekula ya 5

Haya wadau, mnaoniuliza kama hizi wikendi za vyama vya fasihi Uingereza zina maana au ni kwenda tu kunywa chai na wazee, jibu ni yote mawili. Chama nilichoenda nacho sikitaji manake nina ya kusema, ila kijiji ni Chawton, Hampshire, alikokaa Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya Mwingereza, kuanzia 1809 mpaka 1817 mwaka aliofariki, akiwa na miaka 41 tu.

Kufika hakuna shida, unapanda treni Waterloo pale London unashuka Alton, mwisho wa reli, saa moja na ushee, alafu unatembea kama nusu saa. Begi la magurudumu acha nyumbani, na viatu vyeupe pia, tope la huko halina adabu.

Nyumba yake sasa ni makumbusho, tangu 1949. Ya matofali, ya kawaida tu, jumba kubwa la kijijini lilikuwa la kaka yake Edward ambaye alichukuliwa na ndugu matajiri wasio na watoto wakamrithisha kila kitu, ndo akawapa mama yake na dada zake hii ndogo wakae. Sasa nenda chumba cha kulia chakula uone meza inayosemekana ndo aliyoandikia. Kimeza cha mguu mmoja chenye pande 12, ukiweka sinia la chai na vikombe viwili kimejaa! Na wanasimulia kulikuwa na mlango unalia akakataa usirekebishwe, manake ukilia anajua kuna mtu anakuja anaficha karatasi zake. Mi nilisimama pale hadi wenzangu wakaniacha.

Sasa tuje kwenye mihadhara. Jumamosi mchana wametuingiza ukumbi wa kijiji, baridi, projekta inazima inawaka, na mzungumzaji anasoma makaratasi yake mwanzo mwisho bila kuinua kichwa. Na mada tamu jamani, dada yake Cassandra alivyochoma barua kibao za mdogo wake, we mada kama hiyo unaiuaje? Akaiua. Mzee mmoja pembeni yangu alikoroma waziwazi na hakuna aliyemwamsha, nadhani tulimwonea wivu.

Msosi wa kawaida, skonzi ziko poa, chakula cha usiku kuku wa baridi na viazi, tuishie hapo. Ila chemsha bongo ya baada ya chakula ilikuwa moto kweli, wanauliza bwana huyu wa riwaya ile alikuwa anaingiza pauni ngapi kwa mwaka, na wale mabibi wanajibu kabla swali halijaisha, wanabishana hadi wanagonga meza. Ukienda hujasoma hata riwaya moja utakaa kama mgeni msibani, japo hawana roho mbaya, watakupa chai na kukueleza hadithi yote mpaka mwisho hata kama hukuomba.

Jumapili tukapelekwa Winchester, alikofia na kuzikwa, ndani ya kanisa kuu kabisa. Jiwe la kaburi limesifia upole wake, akili yake, imani yake, uandishi hata neno moja hamna! Enzi za uhai wake vitabu vilikuwa vinatoka bila jina lake, so wengi hawakumjua, kibao kinachotaja kazi zake kiliwekwa ukutani 1872. Leo hii sura yake iko kwenye noti ya pauni 10. Kiongozi wetu hapa alijua kazi yake, aliongea dakika chache akatuacha tuzunguke wenyewe, laiti wangempa na Jumamosi.

Ukitaka kujiandikisha na chama chochote uliza kwanza kama hela yao ina tiketi ya makumbusho ndani, ya kwetu haikuwa nayo, tukalipa tena mlangoni. Na ukiona kwenye ratiba kuna mhadhara wa kufungua na wa kufunga siku hiyohiyo, wahi kiti cha nyuma.