Mfuko wa simu wa kuzuia maji: nimeupeleka maporomoko ya Kakombe, Gombe

Haya wadau, kabla sijasema neno, tazameni hii picha. Mnaona kitu? Huo si moshi, wala si ukungu wa asubuhi. Ni maporomoko ya Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Gombe, maji yanashuka kama mita 25 mbele yangu, na simu yangu imeyaona kama mtu aliyetoka kuoga akajitazama kwenye kioo cha bafuni. Aliyeniharibia picha ni huyu hapa. Ngoja nimsogeze karibu na kamera.

Ni mfuko wa plastiki laini, una kamba ya kuvaa shingoni na klipu mbili za kubana juu. Nimeununua Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwa shilingi 15,000. Muuzaji aliniapia: "Dada, na huu hata ukipiga mbizi ziwani unapiga picha." Nimeondoka nikicheka, ila nimeununua.

Niwe mkweli, kuhusu kuzuia maji hakudanganya. Kabla ya safari niliujaribu nyumbani. Nilitia karatasi ya chooni ndani badala ya simu, nikabana, nikauzamisha kwenye ndoo na kuuwekea jiwe juu mpaka asubuhi. Karatasi ilitoka kavu. Ukinunua mfuko wa aina hii, wa bei yoyote, anza na karatasi. Simu ije baadaye.

Na kwenye boti umenifaa mno. Gombe haina barabara ya kukufikisha, unapanda boti mwaloni Kibirizi na kufuata ufuko kuelekea kaskazini. Ziwa Tanganyika likiamua kuchafuka halikuulizi umevaa nini. Mawimbi yaliturushia maji mpaka mwendesha boti akanihamisha: "Dada, kaa katikati, huko utaloa." Niliishaloa. Simu ilikuwa shingoni, kavu, na nilirekodi video bila wasiwasi. Kushuka pia ni hivyo hivyo, unakanyaga maji kidogo ukiwa na mzigo mkononi. Kwa hiyo kwa boti naupa alama zote.

Tatizo limeanza kwenye maporomoko.

Nililala Kasekela, kambi iliyo ndani ya hifadhi, asubuhi tukapanda bonde la Kakombe na mwongozaji, maana kule huendi peke yako. Nilichagua asubuhi kwa makusudi. Gombe iko upande wa mashariki wa ziwa na milima imesimama nyuma yake, kwa hiyo jua linachelewa kuingia bondeni. Watu wanadhani jua kali ndilo linaleta picha nzuri. Kwa maji yanayoanguka ni kinyume: jua likiyapiga, povu linageuka jeupe tupu na miamba inakuwa nyeusi tupu, katikati hakuna kitu. Kivulini unapata kijani cha majani, unapata mng'ao wa mawe, unapata kila mchirizi.

Basi nikafika, nikainua simu, nikaona maziwa.

Kilichotokea ni hiki. Mfuko niliubana kule mwaloni, kwenye joto, kwa hiyo nilifungia ndani hewa yenye joto na unyevu. Kwenye maporomoko kuna upepo wa baridi na rasharasha, plastiki ikapoa, ule unyevu wa ndani ukageuka umande, tena mbele ya lenzi kabisa. Ukifuta nje hufuti kitu. Na nje nako matone yanaganda juu ya plastiki. Halafu plastiki ikilowa, kioo cha simu hakisikii kidole, au kinasikia vidole 3 wakati umeweka 1. Hapo nimegundua kitu kimoja cha kunisaidia: kitufe cha sauti. Simu nyingi kinapiga picha, na hakijali plastiki wala maji. Jaribuni sasa hivi kwenye simu zenu.

Kama ni lazima utumie mfuko, tia ndani kile kipakiti cha chembechembe kinachokaa kwenye boksi la viatu vipya, kinanyonya unyevu. Ufunge ukiwa kwenye ubaridi, si juani. Mimi niliporudia hivyo ukungu ulipungua, ila picha bado haikuwa kali kama ya simu iliyo wazi. Plastiki ni plastiki.

Picha hii ya pili sasa, mnaona tofauti? Hii nimetoa simu mfukoni. Nimesimama pembeni, rasharasha inapopungua, khanga imefunika simu yote imebaki lenzi, na mkononi nina kitambaa cha miwani. Futa, piga, futa, piga. Ukiona picha 1 safi kati ya 10 shukuru.

Na hii ya tatu, maji yamekuwa kama hariri, ndiyo mnayoniulizaga. Simu iko kwenye stendi ya miguu mitatu, nimeingia kwenye modi ya kitaalamu, ISO (jinsi simu inavyokuza mwanga) chini kabisa, shata (muda ambao simu inapokea mwanga) nusu sekunde. Taima ya sekunde 2 ili mkono wangu usitikise. Upepo wa maporomoko unatikisa stendi nyepesi, mimi niliining'inizia begi langu katikati. Kama mwanga ni mwingi picha itaungua, yaani itakuwa nyeupe tupu, hapo ndipo inatakiwa filta ya ND, kile kioo cheusi cha kubana mbele ya lenzi. Ukitaka matone yaonekane moja moja, geuza: shata 1/1000, na hapo stendi huihitaji.

Wengi mmeandika, mbona hukupita nyuma ya maji kama kule Iceland? Mmeona video za maporomoko ya Seljalandsfoss. Yale yanashuka kama mita 60, na nyuma kuna njia kabisa, kwa sababu mwamba wa chini umeliwa na wa juu ukabaki umening'inia. Mimi Kakombe niliishia mbele na ubavuni, mwongozaji alisema hapo panatosha, mawe yana ukoga na utelezi. Sikubishana naye. Lakini hata ubavuni niliona shida ya kupiga ukitokea gizani kwenda kwenye mwanga: simu inapima mwanga kwa miamba yenye giza, anga inaungua. Gusa sehemu ya mwanga kwenye kioo, ishikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha piga. Maji yanakuwa pazia, mtu anakuwa kivuli. Ndiyo picha yenyewe hiyo.

Kuna picha sikuipata, na inaniuma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, alieleza jinsi sokwe dume wanavyofanya hapo Kakombe: wanayumba, wanabembea kwenye mimea inayotambaa mitini, wanarusha mawe mtoni. Wanyama ambao kwa kawaida hawataki kulowa! Siku yangu hawakuja. Tuliwakuta njiani wakati wa kushuka, umbali wa mita 10 na zaidi kama sheria inavyotaka, flashi imezimwa, na mimi simu nilishairudisha kwenye ule mfuko. Unajua picha zilivyotoka.

Kwa hiyo: kwa boti nunua, kwa maporomoko beba khanga na kitambaa. Wangu nimempa mama mdogo wa Ujiji. Anauvaa shingoni akienda Kibirizi kununua dagaa, na juzi kanipigia simu ikiwa humo humo ndani, sauti kama yuko kisimani.