Ruta ya bendi mbili, miezi mitatu Ngamiani

Nakaa Ngamiani, Tanga. Nyumba zimebanana, jirani akikaanga samaki, ukiwa kitandani unajua ni kibua au changu. Mawimbi ya waifai nayo hayaulizi ukuta, na hilo ndilo lililonitesa.

Mchana ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai nyumbani, ilikuwa safi. Ikifika saa mbili usiku, binti yangu akifungua video za masomo, kiduara kinazunguka mpaka anasinzia. Nikawapigia watu wa intaneti mara tatu, na mara ya tatu nilifoka. Kesho yake usiku nikachomeka laptopu kwa waya: kasi yote ipo! Kumbe tatizo si kampuni, ni mawimbi ya waifai. Niliona haya kidogo.

Nikapakua programu ya kupima mawimbi. Mitandao 14, na 9 imekaa chaneli ya 6 (chaneli ni kama njia ambayo mawimbi hupitia), wangu ukiwemo. Kwenye gigahetsi 2.4, moja ya bendi mbili za ruta hii (nyingine ni gigahetsi 5), chaneli zinapishana kwa megahetsi 5 tu, ilhali kila mtandao unakula kama 20. Ndiyo maana 1, 6 na 11 peke yake hazigusani. Ruta yangu ilikuwa "otomatiki", ila hii huchagua chaneli inapowaka tu, na mimi huiwasha asubuhi, majirani wengi wamezima zao.

Nikaiweka 11. Upana wa chaneli nikaupunguza kutoka megahetsi 40 hadi 20. Fundi wangu alicheka, eti nafinya barabara. Lakini barabara pana iliyojaa magari ya wenzako ina faida gani? Video zikatulia usiku uleule.

Kwenye usalama nimebakiza WPA2, ulinzi wa nywila ya waifai, yenye AES peke yake, yaani namna ya kuficha data inayopita hewani. Ilikuja imechanganywa na TKIP, namna ya zamani ya kuficha data, na kifaa kikishika TKIP hakivuki megabiti 54 kwa sekunde. WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila, nimezima. Nywila ya kuingilia mipangilio ilikuwa "admin", kwa hiyo badilisheni hiyo kabla ya yote.

Nguvu ya kurusha mawimbi niliipandisha juu kabisa nikitegemea chumba cha uani kifaidike. Wapi! Simu ilionyesha vijiti vyote na hakuna kilichofunguka. Ruta ilipaza sauti, simu ikasikia, ila sauti ya simu yenyewe ni ndogo, haifiki kwenye ruta. Nikarudisha kati, ruta nikaihamishia koridoni. Gigahetsi 5 ni kasi ajabu sebuleni. Ukivuka kuta mbili za matofali, imekwisha.

Kinachoniudhi: menyu yote Kiingereza, na kila ukihifadhi badiliko dogo inajizima na kuwaka upya, karibu dakika mbili. Ukiwa na mabadiliko matano, chai inapoa.

Kwa bei niliyolipa, naipa nyota nne.

Jirani wa ukuta mmoja nimemhamishia chaneli ya 1, mwenye duka kabaki 6. Juzi kahamia mpangaji uani na ruta yake mpya. Leo usiku nitapima tena.